Jina, ndoto, maisha au mkono: picha ya kisurealisti uisome kwa njia ipi?

Chukua tepu ya fundi na kipande cha chaki. Pima ukutani sentimita 250 kwenda juu na 200 kwenda upande, kisha chora mistari minne. Mimi nilifanya hivyo sebuleni kwangu, na mstari wa juu ukapita fremu ya mlango ukabakiza nafasi ndogo tu kabla ya dari. Huo ndio ukubwa wa "Kuzaliwa kwa Ulimwengu", picha ya rangi ya mafuta ambayo Joan Miró aliichora mwaka 1925 huko Mont-roig, kwenye shamba la familia yake, Katalunya, Hispania. Leo iko MoMA, yaani Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York. Wengi wetu tumeionea kwenye simu, ikiwa ndogo kama kiganja, halafu tunatakiwa tueleze ina maana gani.

Nawaandikia hasa walio katika hali hiyo: mwanafunzi aliyepewa kazi ya tahakiki, mwalimu anayetaka kuipeleka picha darasani, au mtu aliyevutwa tu na picha ya namna hii, ya kisurealisti, yaani ya sanaa inayochota kwenye ndoto na mambo yanayotoka bila akili kuyadhibiti, akakosa pa kuanzia. Njia zinazotumika sana ni nne. Kuna kuanza na jina la picha, kuna kuisoma kama ndoto, kuna kuanza na maisha ya mchoraji, na kuna kuanza na mkono wake, yaani jinsi rangi ilivyofika pale ilipo. Zote nimezipita na vijana ninaowasaidia kuandika. Haziko sawa, na ukishika isiyofaa unaweza kumaliza kurasa tatu bila kuiona picha yenyewe.

Kwanza tuitazame. Sehemu yake kubwa ni ukungu wa kijivu na kahawia, rangi iliyochuruzika na kutapakaa kama ukuta wa nyumba uliopigwa na mvua masika kadhaa bila kupakwa upya. Juu ya ukungu huo kuna vitu vichache vilivyochorwa kwa makini: pembetatu nyeusi yenye mkia, duara jekundu lenye uzi wa manjano, kiumbe kidogo chenye kichwa cheupe cha mviringo, na mistari myembamba. Basi. Hakuna nyumba, hakuna mti, hakuna mtu wa kumtambua.

Kuanza na jina

Hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Ukishasoma "Kuzaliwa kwa Ulimwengu", ukungu unageuka kuwa giza la mwanzo, duara jekundu linakuwa jua, na kile kiumbe chenye kichwa cheupe kinakuwa binadamu wa kwanza. Dakika tano umemaliza, na aya zako zinasomeka vizuri. Miró mwenyewe, miaka mingi baadaye, aliieleza kazi hii kuwa ni namna ya mwanzo wa viumbe, kwa hiyo usidhani jina limebandikwa ovyo.

Lakini majina ya wasurealisti yana tabia yake. Mwaka 1927 mchoraji Yves Tanguy alikuwa akijiandaa kwa maonesho yake mjini Paris. Yeye na rafiki yake André Breton, mwandishi aliyewaongoza wasurealisti, walikaa mchana mzima wakipekua vitabu vya magonjwa ya akili, wakitafuta maneno yaliyosemwa na wagonjwa ili wayafanye majina ya picha. Humo ndimo lilimotoka jina "Mama, Baba Amejeruhiwa!", picha ambayo nayo iko MoMA. Itazame sasa: uwanda wa kijivu usio na mwisho, nguzo ndefu yenye manyoya, mistari iliyounganishwa kama uzi wa mchezo wa watoto, na vijitu visivyo na jina vinavyodondosha vivuli vyeusi. Mama hayumo, wala baba.

Nimeona mara nyingi kinachotokea darasani. Mwanafunzi akisoma jina kwanza, anamtafuta baba. Nguzo yenye manyoya inakuwa baba, kivuli kinakuwa damu, na tangu hapo kila kitu kinatafutiwa ushahidi wa jeraha. Msikilizaji wa taarabu anaijua hali hii. Akishaambiwa kuwa wimbo ameimbiwa fulani, kila ubeti utamgusa huyo fulani, hata ule uliotungwa kabla hawajakosana.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu jina ni mmoja: lifunike kwa kidole mpaka mwisho. Usilitupe, maana Tanguy na Breton walilichagua kwa makusudi, na yale maneno ya mtoto anayepiga kelele yanaufanya uwanda ule uwe na baridi zaidi. Lakini likija mapema linakula macho.

Kuisoma kama ndoto

Njia hii ina mizizi ya kweli. Breton alikuwa mwanafunzi wa udaktari, na mwaka 1916, katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia, alifanya kazi kwenye kituo cha wagonjwa wa akili huko Saint-Dizier, akiwahudumia wanajeshi ambao vita iliwavuruga. Huko ndiko alikokutana na mawazo ya Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyezichambua ndoto ili kuielewa akili iliyofichika. Mwaka 1924 alipotoa Ilani ya Usurealisti, ndoto na maneno yanayotoka bila kudhibitiwa na akili vilikuwa kiini cha jambo zima.

Tatizo ni jinsi watu wanavyoitumia. Wanachukua orodha ya alama: duara ni mama, pembetatu ni mwanamume, mstari unaopanda ni tamaa. Wanaweka orodha kando ya picha na kubadilisha kila umbo kwa neno, kama anayehesabu chenji. Ukweli ni kwamba Freud mwenyewe aliikataa njia hiyo. Mwaka 1937 Breton alimwomba achangie kitabu cha mkusanyiko wa ndoto, na Freud akajibu kwamba ndoto zilizokusanywa bila yale ambayo mwotaji mwenyewe anayahusisha nazo, na bila kujua mazingira zilimotokea, hazimwambii kitu.

Wapwani hatuhitaji kushangazwa na jibu hilo. Vitabu vya tafsiri za ndoto vilivyopewa jina la Ibn Sirin vinauzwa kwetu miaka na miaka, na bado mtu akienda kwa mzee mwenye elimu hiyo, kabla ya kujibiwa huulizwa maswali: umeota saa ngapi, una safari, una mgonjwa nyumbani, una deni? Ndoto ile ile ya kuvuka maji kwa mvuvi ni jambo moja na kwa bi harusi ni jingine. Miró, aliyefariki mwaka 1983, hatuwezi kumkalisha tumuulize hivyo.

Hata hivyo sitaki kuifuta njia hii, kwa sababu kwa Tanguy inalipa. Usitafute alama inasimamia nini. Uliza ndoto inafanyaje kazi. Kwenye ndoto vitu vinaonekana waziwazi kabisa, ila uhusiano wake ndio haupo, na hakuna anayeshangaa. Tanguy anafanya hivyohivyo. Vivuli vyake ni vikali kama vya saa tisa alasiri, lakini jua hulioni. Kijitu kilicholala kwenye uwanda kinaweza kuwa kokoto au kilima, maana hakuna mlango wala binadamu wa kukupa kipimo. Upeo wa macho nao umeyeyuka, hujui ardhi inaishia wapi na anga inaanzia wapi. Ukiandika hayo matatu, yaani kivuli, kipimo na upeo, umeshaeleza kwa nini picha inatisha bila kuwa na kitu cha kutisha.

Kwa Miró njia hiyohiyo inatoa kidogo sana. Picha yake haina vivuli wala uwanda wa kutembea. Ni rangi iliyomwagika na alama zilizowekwa juu yake.

Kuanza na maisha

Miró alizaliwa Barcelona mwaka 1893. Shamba la Mont-roig lilikuwa la wazazi wake, na alilipenda kiasi kwamba kati ya 1921 na 1922 alichora picha iitwayo "Shamba" ambamo kila jani, kila ndoo na kila kuku yuko mahali pake. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway aliinunua, na leo iko Washington. Miaka mitatu tu baadaye, mtu yuleyule, kwenye shamba lilelile, anamwaga rangi na kuacha vitu vichache vikielea. Ukiziweka picha hizo mbili kando kwa kando, utaelewa ukubwa wa hatua aliyopiga kuliko utakavyoelewa kwa kusoma kitabu kizima cha nadharia. Hapo maisha yanasaidia sana.

Yanapopotosha ni kwenye hadithi ya njaa. Miró alisimulia kwamba alipokuwa Paris, akiishi mtaa wa Blomet jirani na mchoraji André Masson, alikuwa akirudi chumbani jioni bila kula na kuandika daftarini maumbo aliyoyaona. Hadithi hiyo ni tamu na watu huibeba popote. Lakini aliihusisha na picha nyingine, "Kanivali ya Harlekini" ya 1924 na 1925, ile iliyojaa vijidudu na ngazi na sikio. "Kuzaliwa kwa Ulimwengu" haikuchorwa kwenye chumba cha njaa. Ilichorwa shambani kwao. Nimesoma insha zaidi ya moja inayoueleza ukungu wa picha hii kwa kizunguzungu cha tumbo tupu, na mwandishi hakujiuliza hata mara moja picha ilichorwa wapi. Ukitumia maisha, tumia yale ya mwaka ule na mahali pale.

Kuna picha ambazo bila maisha hazifunguki kabisa. Masson, huyo jirani wa mtaa wa Blomet, alipigwa risasi kifuani mwaka 1917 kwenye mapigano ya Chemin des Dames. Mwaka 1926 alichora "Vita vya Samaki", picha ndogo yenye upana wa sentimita 73, ambamo samaki wenye meno makali wanararuana mchangani. Kujua jeraha lile hakukupi jibu lote, lakini kunakuzuia usiione kuwa picha ya kupamba jikoni.

Mfano mkubwa zaidi ni mchoraji wa Kuba, Wifredo Lam. "Msitu", aliyoichora Havana na kuimaliza 1943, mara nyingi huelezwa kwa haraka kama ndoto: viumbe wenye nyuso za vinyago, miguu mikubwa, makalio ya mviringo, mkono ulioshika mkasi. Sasa tazama zile nguzo za kijani walizosimama katikati yake. Ni miwa. Lam alizaliwa Sagua la Grande, eneo la sukari nchini Kuba, baba Mchina na mama mwenye damu ya Kiafrika na Kihispania, na mama yake wa ubatizo, Mantonica Wilson, alikuwa kuhani wa Santería, ibada ambayo mizizi yake iko kwa Wayoruba. Lam alirudi nyumbani mwaka 1941 akiikimbia vita ya Ulaya, akawakuta watu wake bado wakiishi chini ya kivuli cha mashamba yaliyoanzishwa kwa jasho la watumwa. Kuiita hiyo ndoto tu ni kuwanyamazisha wale waliosimama ndani ya miwa. Inaniuma pia kujua kwamba kwa miaka mingi picha hiyo ilitundikwa MoMA karibu na mahali wageni wanapoachia makoti.

Kuanza na mkono

Hii ndiyo njia ninayoichagua kwa Miró, na ndiyo ninayompa kila anayeanza, kwa sababu haikuhitaji uwe na maktaba. Inahitaji macho na subira.

Ukiwahi kumtazama fundi rangi akifanya kazi, tayari unajua siri ya picha hii. Ukuta unapigwa praima kwanza, yaani rangi ya chini ya kuukinga. Ikipigwa sawasawa, rangi ya juu inakaa sawasawa. Ikipigwa vibaya, hapa nzito na pale nyepesi, rangi ya juu inanywewa sehemu moja na kubaki juu sehemu nyingine, na mwenye nyumba anakuja juu. Miró alilifanya kosa hilo kwa makusudi. Aliitayarisha kanvasi yake, yaani kitambaa cha kuchorea, bila usawa, kisha akamwaga rangi nyepesi, akapaka nyingine kwa brashi, nyingine akairusha. Penye kinga haba kitambaa kiliinywa, penye kinga nzito rangi ilitulia juu au ikateremka kwa michirizi. Ukungu ule haukuchorwa. Ulitokea.

Halafu ikaja hatua ya pili. Miró alisema waziwazi kwamba hatua ya kwanza kwake ni huru, haina hesabu, na ya pili hupimwa kwa makini. Alisimulia kwamba bato moja jeusi lilionekana kutaka kukua, akalikuza likawa pembetatu, akaliongezea mkia, na huenda ni ndege. Upande wa pili ukahitaji mkolezo wa nyekundu, akaweka duara lenye uzi wa manjano, ambalo baadaye alilitaja kuwa ni kimondo. Kile kiumbe chenye kichwa cheupe kilikuja mwisho.

Simulizi hiyo ni nzuri, ila daftari linasema na jambo jingine: maumbo hayo Miró alikuwa ameshayapanga kwenye michoro midogo kabla. Basi tumwamini nani, mdomo wa mchoraji au daftari lake? Mimi naamini kanvasi. Tazama kingo. Ukungu hauna kingo, umeyeyuka kila upande. Pembetatu na duara vina kingo safi, vimekatwa kama kwa wembe. Mikono miwili tofauti imepita hapa, mmoja umeachia na mmoja umeshika, na hilo halibadiliki hata kama alama zilipangwa daftarini au zilidaiwa na mabato.

Hapo ndipo picha ilinifungukia. Kwanza vurugu isiyo na umbo, kisha alama moja, kisha ya pili, kisha kiumbe. Kuzaliwa kumo kwenye mpangilio wa kazi yenyewe, huhitaji kusema duara ni jua. Nikalifunua jina, na safari hii lilikuwa limefika mahali pake.

Wachongaji wetu wa mashetani ya Kimakonde wanaielewa njia hii vizuri. Mara nyingi wanafuata pindo la gogo la mpingo, na pale mti ulipojikunja ndipo mgongo wa shetani unapotokea. Mteja akiuliza hiki ni nini, anaoneshwa kwanza gogo lilivyokuwa.

Masson naye anasomeka hivyo. Kwenye "Vita vya Samaki" alipaka gundi bila mpango, akamwaga mchanga, akaukung'uta, na maumbo yaliyobaki yakamwonesha samaki walipo. Jeraha la 1917 na mchanga ulionata vinakutana kwenye picha moja, na kwa hiyo kwake ningeshika njia mbili pamoja, mkono kwanza na maisha mara moja baada yake. Tanguy ni kinyume. Brashi yake ni laini mno, imefuta nyayo zake zote, kwa hiyo ukimsoma kwa mkono utaishia kuandika kwamba amepaka vizuri. Kwake anza na mwanga na vivuli. Lam anza na historia, hata kama muda wako ni mdogo.

Na yale yanayokujia mwenyewe?

Swali hili huulizwa kila mara, na ni la haki. Mimi nikiiona ile pembetatu yenye mkia naona tiara, ile ya mfuko wa nailoni tuliyokuwa tukiirusha wakati wa upepo, mkia wake kipande cha kanga ya zamani. Nikisikia kwamba lile duara ni kimondo, namsikia bibi akisema vimondo ni mawe wanayopigwa mashetani wakisogea mbinguni kusikiliza. Si mambo madogo kwangu. Yananifanya nirudi kwenye picha ambayo imechorwa na mtu aliyekuwa mbali nami kwa kila kitu.

Yaandike. Ila yaandike kwa jina lako: "mimi naona tiara", usiandike "Miró amechora tiara". Kuna wanaoliita lile duara jekundu puto, mwenyewe aliliita kimondo, nami naweza kuliita embe lililoiva, na wote tutakuwa tumekubaliana kwamba ni jekundu, ni la mviringo, lina uzi wa manjano, na limewekwa pale ili macho yasiishie kwenye weusi. Ukianza na hayo tunayokubaliana, tiara yako itapata pa kutua.

Mwanafunzi mwenye mtihani na dakika chache nampa mkono, hata kama mwalimu wake anapenda Freud, kwa sababu kila sentensi atakayoandika mtu anaweza kuihakiki kwa kuangalia. Mwalimu mwenye darasa kubwa nampa "Shamba" na "Kuzaliwa kwa Ulimwengu" kando kwa kando, na tepu. Anayeandika makala ndefu ajipe mkono na maisha, na asome tarehe mara mbili. Orodha ya alama za ndoto simpi mtu yeyote.

Na wewe uliye peke yako na simu yako, ukiwa na saa moja: chora ule mstatili wa chaki ukutani usimame mbele yake. Fungua picha, vuta karibu kona moja baada ya nyingine, utafute rangi iliponywewa na ilipokaa juu. Tafuta kingo laini na kingo kali, uhesabu zile kali. Andika unachoona, kisha unachokumbuka, kila kimoja upande wake wa karatasi. Halafu ondoa kidole kwenye jina.